Mvinyo wa Kungojwa na Pombe ya Kunyweshwa

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya askari na pombe, na sehemu kubwa ya hayo ni makaripio. Askari ameambiwa aache, ameambiwa apunguze, ameambiwa sheria itamshika. Na yote hayo ni kweli. Sheria za jeshi na za polisi zinahesabu ulevi kazini kuwa kosa, wala hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayetaka iwe vinginevyo. Leo hatukukusudia kurudia karipio hilo. Tumekusudia kuzungumza habari za chupa moja ambayo siku hizi huonekana sana madukani Kampala, nayo ni chupa ya mvinyo mwekundu uitwao Shiraz. Tunaamini kwamba katika namna mvinyo huu unavyotunzwa hata uzeeke, na namna unavyoonjwa, limo somo ambalo litamfaa askari hata kama hatatia tone moja kinywani maisha yake yote.

Wapo miongoni mwa askari wetu Waislamu, na wapo Walokole, ambao hawagusi pombe ya aina yoyote. Hao tunawaheshimu, wala makala haya hayakuandikwa ili kumshawishi yeyote kati yao. Anayeacha kabisa amekwisha kushinda vita ambavyo wengine wetu bado tunavipigana. Maneno yetu yanamhusu yule ambaye anakunywa, na ambaye atakunywa kesho pia.

Mfano wake ni huu. Askari amepandishwa cheo, au amerudi salama kutoka Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kutumwa Machi 2007. Jamaa zake wanamletea chupa ya Shiraz kuwa zawadi. Yeye amesikia ikisemwa kwamba mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mtamu. Basi anaiweka juu ya kabati, chini ya paa la bati, aifungue siku ya harusi ya binti yake. Miaka saba inapita. Siku ya harusi chupa inafunguliwa mbele ya wakwe, na kinachotoka ni maji mekundu yenye harufu ya siki. Zawadi imepotea, na mwenyeji ameona haya. Je, kosa ni la nani? Ni la ile imani kwamba miaka peke yake inatosha kukiboresha kitu.

Jina Shiraz si geni masikioni mwa msemaji wa Kiswahili. Ni jina la mji wa Uajemi, na katika pwani yetu, tangu Kilwa hadi Unguja, wapo watu wajiitao Washirazi ambao hadithi zao huwataja wahenga waliokuja kwa majahazi kutoka huko. Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hata mzabibu huu ulitoka katika mji huo. Huko Ufaransa, katika bonde la mto Rhône, kuna kilima kiitwacho Hermitage, na hekaya ya wenyeji husema kwamba mnamo mwaka 1224 askari mmoja wa farasi, Gaspard de Stérimberg, akiwa amechoshwa na vita na majeraha, alijitenga juu ya kilima hicho akaishi peke yake na kupanda mizabibu. Wengine wakaongeza kwamba mche wake aliutoa Shiraz. Ni hadithi nzuri, hasa kwa askari. Lakini mwaka 1998 wataalamu wa Marekani na Ufaransa walichunguza nasaba ya mzabibu huo, wakakuta kwamba wazazi wake ni mizabibu miwili ya Ufaransa ya kusini-mashariki, Dureza na Mondeuse Blanche. Wafaransa wenyewe huuita Syrah. Jina la Uajemi ni vazi tu.

Kutoka Ufaransa mche ulisafiri. Mwaka 1832 James Busby alipeleka Australia shehena kubwa ya vipandikizi vya mizabibu, Syrah ikiwamo, na huko katika bonde la Barossa iko mizabibu iliyopandwa mwaka 1843 ambayo inazaa hata leo. Ulifika pia Afrika ya Kusini, ambako hutoka chupa nyingi zinazouzwa Kampala. Hata jirani zetu wa Tanzania wanaulima katika mkoa wa Dodoma, ambako, kwa sababu ya jua lisilojua baridi, mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba tunazungumza juu ya kitu cha Wazungu kisichotuhusu.

Sasa, kwa nini mvinyo huu huweza kuzeeka vema ilhali bia hushindwa? Zabibu za Shiraz zina ganda jeusi, na katika ganda hilo mna ukakasi, ule unaoukausha ulimi kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Wataalamu huuita tanini. Mvinyo ukiwa mchanga, ukakasi huo ni mkali na hukifunika kila kitu. Ukikaa mahali pazuri, chembe za ukakasi huungana kidogo kidogo, zikawa nzito, zikazama chini ya chupa kuwa mashapo. Kinywaji hulainika, rangi hutoka katika zambarau hata ikafikia wekundu wa tofali, na harufu ya matunda mabichi huiachia nafasi harufu ya ngozi, ya tumbaku, ya pilipili manga na ya udongo uliolowa mvua.

Lakini hayo hayaji kwa kila chupa. Mvinyo mwingi ulioko madukani umetengenezwa unywewe katika miaka miwili au mitatu. Ukiuweka kumi, hutapata mvinyo mkongwe; utapata mvinyo uliokufa. Ni chupa chache tu zilizotengenezwa kwa nia ya kungojwa, na hata hizo zinadai malezi. Mtoto asiyelelewa haongezeki hekima kwa kupitiwa na miaka.

Mwaka 1951 huko Australia, Max Schubert, mtengenezaji mvinyo wa kampuni ya Penfolds, ambaye alikuwa amepata kuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia, alitengeneza Shiraz aliyoiita Grange, akikusudia izeeke kwa miaka mingi. Wakubwa walipoionja ikiwa changa hawakuipenda, na mwaka 1957 wakamwamuru aache. Aliendelea kwa siri. Ilipofika mwaka 1960 zile chupa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kukomaa, wakubwa wakazionja tena, wakamwamuru arudie kazi yake hadharani. Leo mvinyo huo ni miongoni mwa ile inayosifiwa zaidi duniani. Hatukuleta habari hii ili kumfundisha askari kukaidi amri. Hilo asilichukue kwetu! Tumeileta ili kuonyesha kwamba wale wakubwa walikuwa na ndimi nzuri tu, ila walikosa subira.

Turudi Kampala. Mvinyo unaongojwa unataka mambo manne: ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15 za Sentigredi, ubaridi huo usipande na kushuka, giza, na utulivu. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,200, na kwa kuwa uko karibu na Ikweta hauna kiangazi kikali wala majira ya barafu. Hilo ni jambo jema, kwa maana chupa haisumbuliwi na mabadiliko makubwa ya mwaka. Lakini mchana joto hufika mara kwa mara nyuzi 27 au 28, na chini ya bati hupita hapo mbali. Mvinyo uliokaa katika joto la namna hiyo huzeeka mbio, kama mtu aliyeteswa. Ukipata joto la nyuzi 30 na zaidi kwa muda, hutanuka, hukisukuma kizibo, hewa huingia, na mambo huwa yamekwisha.

Basi asiye na mahali pa ubaridi asijidanganye. Chupa yake ainywe mwaka huo huo pamoja na watu wake, nayo itampa furaha yote iliyokuwamo. Anayetaka kuiweka miaka miwili mitatu aitafutie sakafu ya chumba cha ndani kisichopigwa na jua, mbali na jiko na mbali na jenereta inayotikisa, ailaze ubavuni ikiwa ina kizibo cha gome, ili kizibo kisikauke na kupasuka. Kuiweka juu ya jokofu, kama tunavyoona katika nyumba nyingi, ni kuiweka juu ya tanuri, kwa maana jokofu hutoa joto lake nje. Mwenye ndugu katika milima ya Kabale, ambako usiku watu hujifunika blanketi mbili, ana ghala bora kuliko wengi wa mjini. Na anayenunua chupa iitwayo kongwe aangalie kwanza ilikokuwa: iliyosimama dirishani mwa duka, jua likiipiga kila alasiri, haistahili bei ya ukongwe hata kama karatasi yake ina mwaka wa zamani. Tena aitazame shingo: mvinyo ukiwa umeshuka sana chini ya kizibo, au kizibo kikiwa kimechomoza, aiache hapo hapo.

Kuonja nako kuna utaratibu wake, nao hauna haraka. Chupa kongwe husimamishwa siku moja kabla ili mashapo yashuke. Joto la chumba chetu limezidi kidogo, kwa hiyo hutiwa katika jokofu kwa nusu saa hivi. Hufunguliwa polepole, humiminwa polepole, na yale ya chini huachwa. Katika bilauri hutiwa kiasi cha theluthi tu. Mwonjaji huitazama rangi juu ya kitambaa cheupe, huizungusha bilauri, hunusa, hupiga funda dogo na kuliacha litembee kinywani, kisha hungoja. Wanaofanya kazi hiyo kwa riziki hutema, maana wana chupa hamsini za kuonja na akili moja ya kuamulia. Harufu ya siki ni dalili ya hewa iliyoingia. Harufu ya boksi lililolowa ni dalili ya kizibo kibovu. Ladha ya matunda yaliyopikwa hata yakavurugika ni dalili ya joto. Ukiyajua hayo matatu, hakuna mwenye duka atakayekuuzia jina.

Msomaji atauliza: haya yote ni ya nini kwa mtu aliyevaa sare? Tunajibu kwamba historia ya askari na pombe, pande nyingi za dunia, ni historia ya mtu anayenyweshwa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari wa Ufaransa alipewa mahandakini robo lita ya mvinyo mwekundu kila siku, na mwaka 1916 kipimo kikaongezwa kuwa nusu lita. Haukuwa mvinyo wa kuonjwa. Ulikuwa wa kumwezesha kuvumilia matope na mizinga. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walipewa kipimo chao cha ramu kwa zaidi ya karne mbili, hata ilipofika tarehe 31 Julai 1970 wakubwa walipoamua kukiondoa, kwa kuwa mitambo ya manowari za siku hizi haiendeshwi na mkono unaotetemeka.

Hata hiyo Shiraz ya Afrika ya Kusini tunayoisifu ina deni lake. Katika mashamba ya mizabibu ya Cape wafanyakazi weusi na machotara walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu, vikombe kadhaa kwa siku, tangu asubuhi. Mfumo huo waliuita dop. Ulikatazwa na sheria, lakini katika mashamba kadhaa uliendelea hata miaka ya 1990, na madhara yake kwa watoto waliozaliwa na mama walevi yanaonekana mpaka leo. Shabaha yake ilikuwa wazi: mtu anayedaiwa na kikombe hawezi kuondoka shambani.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Idi Amin, ndege zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Entebbe na uwanja wa Stansted, karibu na London, zikirudi na whisky, redio, saa za mkono na anasa nyingine za kugawiwa watu wa jeshi. Waingereza walizipa jina la safari za whisky. Fedha zilizolipa shehena hizo zilitokana zaidi na jasho la mkulima wa kahawa, na mkulima huyo huyo alipokwenda dukani hakupata sukari, hakupata chumvi, hakupata sabuni. Raia wakamwona askari kuwa ndiye aliyekunywa haki yao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilipoanguka, wengi wa waliokuwa wakigawiwa whisky hiyo walikwisha kuikimbia. Hatusemi kwamba ni whisky iliyoliangusha jeshi lile, kwa maana sababu zilikuwa nyingi. Tunasema kwamba utii ulionunuliwa kwa chupa uliisha chupa zilipokwisha.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya mvinyo wa kungojwa na pombe ya kunyweshwa. Anayenyweshwa hachagui siku, hachagui kipimo, wala hachagui sababu. Mwingine amemchagulia, awe ni mtawala, ni mwenye shamba, ni mwenye baa anayemwandikia deni hata mwisho wa mwezi, au ni rafiki anayemwambia kwamba mwanamume haachi chupa nusu. Anayengoja amejifunza neno moja gumu kuliko yote, nalo ni neno “bado”. Mtu anayeweza kuitazama chupa yake kwa miaka mitano akasema bado, anaweza pia kuitazama bilauri ya tatu akasema basi. Na mtu wa namna hiyo ndiye tunayetaka awe na bunduki usiku katika mitaa yetu.

Tusisahau hesabu. Shiraz nyingi zina kilevi cha asilimia 14 au zaidi kidogo. Chupa moja ya mililita 750 ina kilevi zaidi ya kile cha chupa nne za bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Anayeimaliza peke yake kwa kuwa eti ni mvinyo wa mabwana, amelewa kama mlevi yeyote wa kilabuni, na risasi itokayo katika mkono wake haiulizi alikunywa nini. Bunduki na chupa havilali chumba kimoja. Silaha irudishwe ghalani kwanza, zamu iishe kwanza, gari liachwe kwanza. Kisha chupa ifunguliwe, na iwe ya watu sita wala si ya mmoja.

Tunapendekeza jambo moja, nalo si la gharama kubwa. Kila mesi inayoweza iwe na kabati moja la baridi, lenye kufuli na daftari. Siku kikosi kinapomaliza mafunzo, zinunuliwe kwa fedha taslimu chupa chache za mvinyo uliotengenezwa kwa kungojwa, ziandikwe tarehe, zilazwe humo. Zisifunguliwe kwa mishahara wala kwa ushindi wa mpira. Zifunguliwe baada ya miaka kumi, waliobaki wa kikosi hicho wanapokutana, kila mmoja theluthi ya bilauri, na asiyekunywa apewe maji ya matunda kwa heshima ile ile. Majina ya waliokufa kazini yasomwe kabla ya kizibo kutolewa. Hapo chupa itakuwa imebeba kitu kinachostahili kungojwa.

Wapo watakaosema kwamba askari wa mshahara mdogo hana nafasi ya mambo haya. Sisi tunaona kinyume chake. Fedha inayoishia katika daftari la deni la baa kwa mwezi mmoja ingetosha kuinunua chupa hiyo na kubaki na karo ya mtoto. Hatukosi fedha ya kunywea. Tunakosa subira ya kunywa kidogo. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, nasi twaongeza kwamba asiyevumilia hunywa siki na kuilipia bei ya mvinyo.